Samaki wa Mwadime, Kutoka Maungu Hadi Mata

Walimu wenzangu, tangu shule ifunguliwe mmenichokoza vya kutosha. Mmoja anasema likizo nzima nilivua samaki nyikani, mwingine anasema nilitumwa na Mzungu kumtafutia kitoweo, na mpishi wetu ameapa mbele ya wanafunzi kwamba akili zangu zimeruka. Basi nimeona niandike yote yalivyokuwa, msome wenyewe, kisha mniache nisahihishe madaftari yangu kwa amani.

Kwanza mjue kisa chenyewe, maana bila hicho safari yote ni upuuzi. Kabla ya vita, kaka yangu Mwadime alifanya kazi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akikusanya viumbe. Huko Maungu mvua zikinyesha hutokea madimbwi, na ndani ya madimbwi hutokea samaki wadogo, urefu wa kidole, ambao dimbwi likikauka hupotea na mvua ikirudi hurudi. Madume yao yana rangi za kupendeza, mengine mekundu, mengine ya buluu. Mzungu aliwatia katika chupa za spiriti, akawapeleka Ulaya. Wale wa buluu walikuwa tayari wana jina, lakini wekundu wakatangazwa kuwa samaki mpya, wakapewa jina la Mwadime, limebandikwa mkia wa Kilatini. Nasikia Ulaya watu huwafuga sebuleni katika masanduku ya vioo, na mwekundu ndiye anayegombaniwa. Mama alipoambiwa hayo aliuliza, "Wanamtazama tu? Bila kumla?"

Mwadime akaenda vitani, akafia Burma. Ilikuja barua tu. Hakuwa na mke wala mtoto, na kwetu mnajua, jina la mtu huinuliwa na watoto wa nyumba yake. La Mwadime lilibaki kwa samaki. Mama hakukubali hata siku moja tumfanyie matanga, akisema mtu ambaye jina lake linatajwa kila siku huko ng'ambo hawezi kuliliwa kama aliyepotea.

Sasa mwezi wa kumi na moja nikapata barua kutoka kwa mtaalamu mmoja wa samaki, mama wa Kizungu aliyepiga kambi Mata, karibu na ziwa la Jipe. Alikuwa akipanga upya majina ya samaki wote wa pande hizi. Aliandika kwamba kwa maoni yake mwekundu na wa buluu ni samaki mmoja mwenye rangi mbili, na kwa sheria ya kazi yao, wakiwa mmoja, jina lililotangulia ndilo linalobaki. La Mwadime linaanguka. Mwenye kupinga amletee samaki hai wa rangi zote, pamoja na majike, kabla hajavunja kambi wiki ya pili ya Desemba.

Nilimsomea Mama barua hiyo shambani. Aliniangalia kama vile mimi ndiye niliyeiandika.

"Nenda ukamtetee kaka yako," akasema.

Nikasema nakwenda. Na mimi nikishasema, mnanijua.

Wusi kuteremka Voi

Niliondoka nyumbani Wusi alfajiri na madebe mawili matupu, mzega wa kuyabebea begani, wavu nilioushona kwa chandarua kikuukuu, na kimanga cha mihogo na maharage alichonifungia Mama katika majani ya mgomba. Nilipofika Mwatate garimoshi lilikuwa limeshapita, na jingine halipo hadi kesho kutwa. Nikapata lori la kabichi. Dereva alikuwa Hamisi, mtu wa Pwani aliyehamia Voi, mpole, mwenye maneno mengi.

Hatukufika mbali. Mvua ya usiku ilikuwa imeujaza mto unaokata barabara, na Hamisi akasema yeye hana haraka ya kumpelekea mamba kabichi. Tukakaa pale kwa muda wa saa tano tukitazama maji. Nikafungua kimanga tukala wote wawili.

"Mwalimu," akasema, "samaki wako Mombasa, bahari nzima. Nawe waenda kuwatafuta Maungu, mahali hata maji ya kunawa ni shida?"

"Hawa wa Maungu ni tofauti."

"Tofauti vipi? Ni watamu zaidi?"

"Hawaliwi."

Akamega kimanga, akatafuna polepole. "Wawataka hai?"

"Hai. Wakifa safari imeharibika."

"Na majike yao pia?"

"Lazima."

Hakuniuliza tena. Maji yalipopungua na tukapanda lori, niliona ameyatoa madebe yangu mbele na kuyafunga nyuma kabisa, juu ya kabichi. Tulipofika Voi alinishika mkono kwa heshima isiyo ya kawaida, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi sina neno na watu wa dawa. Ila nawe usiwe na neno nami." Nilipojaribu kumweleza kwamba mimi si mganga alitikisa kichwa kwa haraka, "Naam, naam, nimeelewa," na hakuelewa hata kidogo.

Voi hadi Maungu

Voi nilikunywa chai na mahamri karibu na stesheni, nikapanda garimoshi la kwenda Mombasa. Siku hizi za hali ya hatari kila mzigo una maswali. Askari mmoja aligonga madebe yangu kwa rungu, akauliza mna nini. Nikasema hamna kitu. Akauliza kwa nini mtu mzima anasafiri na madebe mawili ambayo hamna kitu. Ukweli wa jibu langu ulimkasirisha kuliko uongo wowote, na gari lilikuwa limeanza kutembea aliponiachilia.

Maungu nilishuka peke yangu. Palikuwa na hoteli ya mabati ambapo madereva wa malori walikula, nayo ni ya Mkamba mmoja, Mama Kalondu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla. Aliniwekea sahani ya mahindi na maharage yaliyopikwa na mboga, akasimama juu yangu mpaka nikaimaliza. Nikamwuliza habari za samaki wa madimbwi.

"Hiyo inaanguka na mvua," akasema. "Sisi hapana kula hiyo. Hiyo ni watoto ya nyoka."

"Ni samaki, Mama."

"Kama ni samaki, mama yao iko wapi? Hii mahali ilikuwa mavumbi miezi sita. Nyoka ndiyo anajua kukaa chini ya mavumbi." Kisha akanitazama vizuri. "Zamani ilikuja kijana moja hapa anashika hiyo. Kijana ya kucheka. Alikuwa anaimba kwa maji. Alikuwa na ndugu yake mdogo, mwembamba hivi, anaandika andika tu."

"Yule wa kucheka alikuwa kaka yangu. Anayeandika ni mimi."

Mama Kalondu akaketi. "Na yeye iko wapi?"

Nikamwambia. Aliingia jikoni, akarudi na kikombe kingine cha chai ambacho sikukiagiza, akakiweka mbele yangu.

Madimbwini

Asubuhi nilikwenda nyikani kusini ya reli. Nilikuwa na hakika na jambo moja, nalo ndilo nililotegemea safari nzima: vitabu vya wataalamu vilisema kwamba wekundu hukaa madimbwi yao na wa buluu madimbwi yao, hawachangamani. Mtaalamu wa kwanza, aliyewapa wekundu jina la Mwadime, aliwatenganisha kwa hoja hiyo. Nikaingia maji ya magotini, nikatia wavu, nikainua.

Ndani ya wavu mlikuwa na wekundu watatu, wa buluu wawili, na majike manne ya rangi ya vumbi.

Nikasema ni mafuriko, mvua ya mwaka huu imeunganisha madimbwi. Nikaenda dimbwi la pili, mwendo wa robo saa, lililo juu zaidi. Vilevile. La tatu, vilevile. Jua lilikuwa kali, mbung'o wananiuma, na mimi nabishana na maji kwa sauti, "Ni mafuriko tu! Ni mafuriko!" Mchungaji wa mbuzi aliyekuwa akipita aliwahimiza mbuzi wake wakapita mbali nami.

Nikakaa ukingoni nikaanza kuwachambua, wekundu debe la kushoto, wa buluu debe la kulia, majike kila mahali kidogo. Na hapo ndipo mikono yangu ilipokumbuka jambo ambalo kichwa kilikuwa kimelisahau.

Nyote mmelelewa milimani, mnajua kazi ile. Kabla ya kupanda, mama humwaga maharage ya mchanganyiko katika ungo, na watoto huyachambua, mekundu kibuyu hiki, meusi kile, ya madoa kile, na yaliyofifia hutupwa. Mbegu isiyochambuliwa ni aibu ya nyumba. Basi mimi na Mwadime tulipokuwa pale miaka ile, tulifanya kama tulivyofunzwa. Yeye alimwaga wavu katika sufuria, tukachambua pamoja, wekundu chupa hii, wa buluu chupa ile, na yale yaliyofifia tukayarudisha majini tukiyaona takataka. Tulitupa majike yote. Na Mzungu alikuwa ameagiza kila chupa iwe na karatasi yenye jina la dimbwi. Kazi ya kuandika ilikuwa yangu. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa mwandiko, na nikaona kuandika jina moja juu ya chupa mbili kutaonekana kosa la mtu asiyejua kazi. Kwa hiyo kwenye chupa ya wekundu nikaandika Dimbwi la Kwanza, na kwenye ya buluu Dimbwi la Pili.

Dimbwi lilikuwa moja.

Kisha nikajiambia kumbukumbu ya mtoto si ushahidi, huenda siku nyingine tulikwenda madimbwi mengine, nani ajuaye. Mama amenituma kumtetea kaka yangu, sikutumwa kukumbuka. Nikafunika madebe kwa kitambaa chenye matundu, nikatia mzega begani, nikarudi kwa Mama Kalondu nikiwa na hasira na kila mtu.

Maungu kurudi Voi

Gari la abiria lilipita bila kusimama. La pili lilikuwa la mizigo, nalo halikusimama. Mama Kalondu ndiye aliyenipatia lori siku ya pili, kwa kumwambia dereva kwamba asiponichukua asitie tena mguu hotelini mwake. Samaki walisafiri vizuri. Mimi nilisafiri nimeyakumbatia madebe kila kwenye shimo, na mashimo yalikuwa mengi.

Voi nilisubiri garimoshi la Taveta siku mbili, nikilala kwa mwinjilisti wa kanisa letu. Mke wake mcha Mungu alinikubalia kila kitu isipokuwa kuweka samaki chumba kimoja na unga. Nilibadilisha maji asubuhi na jioni kwa maji ya mvua ya pipa lake, nikawalisha mabuu ya mbu, ambayo Voi hayana uhaba.

Asubuhi ya safari, mpagazi wa stesheni alitaka kunisaidia. Nilisema hapana, akasema ni kazi yake, nikavuta, naye akavuta, na debe la kulia likagonga reli. Ufa ukafunguka kwenye kiungo chake. Nilikimbia nalo kwa fundi wa mabati aliye nyuma ya soko, maji yananichuruzika hadi kiatuni. Fundi alilitazama kwa utulivu wa mtu asiye na safari.

"Hii nitaziba kwa risasi," akasema. "Lakini ikauke kwanza. Kesho saa nne."

"Gari linaondoka sasa hivi!"

"Basi chukua gari, uache debe. Ama chukua debe, uache gari."

Firimbi ikalia. Sikuwa na la kufanya. Nikawamimina wa buluu katika debe la wekundu, na kwa kuwa mzega hauwezi kubebwa upande mmoja, nikalitia mawe lile debe bovu. Nilipanda behewa hivyo, upande huu samaki, upande huu mawe, na watu wakinitazama kwa huruma.

Voi hadi Taveta

Behewani nilikaa na bibi mmoja wa Taveta aliyekuwa akirudi kutoka kumtembelea binti yake. Alikuwa na kikapu, kibuyu kikubwa cha maji, na macho ambayo hayakuacha kitu. Kabla hatujafika Bura alikuwa ameshajua umri wangu, kanisa langu, na kwamba mke wangu hapendi kuamka mapema.

Baada ya Maktau gari likasimama. Mvua ilikuwa imeula udongo chini ya reli, na mafundi walikuwa mbele wakishindilia mawe. Tulikaa pale tangu saa tano hadi karibu jua kuchwa. Joto la behewa lilipanda, na samaki wakaanza kuja juu wakipumua kwa midomo. Nikashuka nikamwomba maji mtu wa injini. Alinionyesha bomba, kisha akanizuia. "Hii maji ina dawa ya kuzuia kutu. Ukiweka, wanakufa yote." Bado namshukuru.

Nilirudi nimekata tamaa. Bibi akaniuliza wanataka nini.

"Maji baridi, Bibi. Masafi."

Akachukua kibuyu chake, maji yake yote ya njia, akamimina nusu ndani ya debe. Nikamwambia Bibi, utakunywa nini? Akasema, "Mimi nimekunywa miaka sabini. Hao ndiyo kwanza wanaanza."

Samaki wakatulia. Yeye akabaki ameinama juu ya debe, na mimi nikainama naye. Maji yalikuwa maangavu, na chini mlikuwa na tope la Maungu nililowatilia ili wasiogope. Dume jekundu lilimwendea jike mmoja, likamzunguka, likajilaza ubavuni mwake, wakabanana na tope, wakatetemeka pamoja. Yai moja likabaki pale, dogo kama punje ya mchanga. Kisha dume la buluu likaja, likamfukuza jekundu, likajilaza ubavuni mwa jike yuleyule. Wakatetemeka. Yai la pili. Jike hakujali rangi hata kidogo.

"Tazama," Bibi akasema kwa furaha, "waume wawili na mke mmoja! Hao ni ndugu, Mwalimu. Ndugu tu ndiyo wanagombana hivyo."

Nikalifunika debe.

"Unafunika nini?" akaniuliza. "Mimi nimeshaona."

Nilitazama dirishani. Niliona haya mbele ya yule mwanamke ambaye hakujua lolote la kesi yangu, na nilimwonea uchungu Mwadime kana kwamba kifo chake kilikuwa cha juzi. Tulipofika Taveta nilimbebea kikapu hadi kwa jamaa zake, wakanipa ndizi zilizopikwa na nyama, nikala, nikalala.

Taveta hadi Mata

Siku iliyofuata nilitembea. Njia ya Mata ilikuwa tope tupu, na mzega wangu wa samaki na mawe ulinichuna bega. Mkulima mmoja alinipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kipande cha njia, akaniuliza kwa nini situpi yale mawe. Nikamweleza habari ya kusawazisha. Akasema mkokotenini hakuna haja ya kusawazisha. Ni kweli, na sikuwa nimefikiri. Tukayatupa.

Njia nzima nilikuwa na mpango mmoja. Ningesema wekundu nimewatoa upande huu wa reli na wa buluu upande ule, kama vitabu visemavyo. Hakuna shahidi. Mama Kalondu haangalii watoto wa nyoka, na Bibi hajui kuandika barua kwa wataalamu. Kaka yangu angebaki na jina lake.

Kambi ilikuwa mahema mawili na banda la makuti. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, amechomwa na jua, na Kiswahili chake alichojifunzia Tanganyika kilinyooka kuliko changu. Hakunipa hata nafasi ya kujitambulisha. Alipiga magoti mbele ya debe na matope yake yote, akafunua, akasema "Ah!" kama mtoto. Walikuwa wamebaki kumi na wawili. Akawahamishia kwenye mitungi ya kioo, kisha ndipo akanikaribisha chai na mkate.

Akaweka juu ya meza chupa mbili za spiriti. Ndani mlikuwa na samaki weupe kama nta, wote sawa.

"Rangi hupotea kwenye spiriti," akasema. "Nimehesabu magamba yao, nimehesabu miiba ya mapezi. Sioni tofauti. Kitu pekee kinachowatenganisha ni hizi karatasi. Mbili, madimbwi mawili. Kama kweli waliishi mbalimbali bila kuchanganyika, sina haki ya kuwaunganisha. Nitaacha jina la kaka yako lilivyo." Akanisogezea chupa. "Unajua ni nani aliyeandika?"

Mwandiko ulikuwa wa penseli, wa duara, wenye majivuno. Dimbwi la Kwanza. Dimbwi la Pili.

Hapo ningeweza kusema neno moja tu, nikarudi nyumbani mshindi. Nilikuwa nimelitayarisha. Lakini ninyi mnanijua: huu mwaka wa tisa nawachapa watoto kwa kunakili majibu yasiyo yao, na nikitazama ile karatasi nilimwona mtoto mmoja wa aina hiyo. Na pembeni yangu, mtungini, wekundu na wa buluu walikuwa wakimgombania jike mmoja.

"Niliandika mimi," nikasema. "Dimbwi lilikuwa moja."

Nikamweleza yote, ya maharage, ya majike tuliyotupa, ya mayai niliyoyaona Maktau. Aliandika kila neno. Alipomaliza aliweka kalamu chini.

"Unafahamu ulichokifanya?"

"Nafahamu. Nataka kujua jambo moja tu. Jina la kaka yangu litafutwa?"

"Halifutwi. Litaandikwa chini ya lile la kwanza, kwa herufi ndogo, na samaki mwingine wa ukoo huo hatapewa jina hilo tena. Lakini hakuna atakayemwita samaki kwa jina hilo. Hao wanaowafuga kwenye vioo wataambiwa watumie la kwanza."

Nikamshukuru kwa chai. Alitaka kunipa barua ya sifa. Nikamwambia simhitaji mtu kunisifu kwa kazi ile.

Kupanda Wusi

Kurudi hakukuwa na kisa. Garimoshi lilikwenda vizuri kwa sababu sikuwa na haja nalo. Nilishuka Mwatate, nikapanda kilima kwa miguu, na kila nikikaribia nyumbani miguu ilizidi kuwa mizito.

Mama alikuwa akipalilia vikwa, vile viazi vikuu vyetu, chini ya mfereji. Alisimama aliponiona, akashika kiuno, akangoja nifike.

"Umemtetea?"

Nilimwambia kila kitu, pale pale shambani, nimesimama. Sikupunguza. Nilimwambia hata mpango wangu wa uongo na mahali ulipoishia. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliangalia jembe lililolala kati yetu.

"Uliyasema wewe mwenyewe? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Mimi mwenyewe, Mama."

"Kwa hiyo nilikutuma ukamtetee kaka yako, ukaenda ukamzika."

Nililia, sioni haya kuwaambia. Yeye hakulia. Alichukua jembe, akapalilia mstari mzima hadi mwisho, akageuka, akarudi nao hadi nilipokuwa.

"Kule Burma alizikwa na watu nisiowajua," akasema. "Miaka yote hii sijui kama walimlaza vizuri. Sasa amezikwa na ndugu yake. Nenda kawaite majirani."

Walikuja alasiri hiyo hiyo, wanawake kwa wanaume, na Mama akaketi chini katikati yao, akamwita Mwadime kwa jina lake lote, akamlilia kwa mara ya kwanza.